Ngozi ya Punda, Uso wa Mrembo

Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na kwa wabunge wa mikoa ya Shinyanga na Geita

YAH: Kugeuza usitishaji wa uchinjaji wa punda kuwa sheria ya kudumu, na kufunga soko la vipodozi vinavyolipiwa kwa uhai wa wanyama

Waheshimiwa,

Katika vijiji vya Kishapu, kabla jua halijatoka, sauti ya kwanza barabarani mara nyingi si ya pikipiki. Ni ya gurudumu kuukuu likikwaruza changarawe. Nyuma ya sauti hiyo wanakuja punda wawili, mkokoteni, madumu ya lita 20 yaliyobanana, na mama au mtoto anayetembea pembeni na fimbo asiyoitumia sana, kwa kuwa wanyama wenyewe wanaijua njia. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Shinyanga na Kahama kwa bomba kubwa linaloanzia Ihelele, mradi uliozinduliwa mwaka 2009, na neema hiyo haina ubishi. Lakini bomba lina mwisho wake. Pale linapoishia ndipo kazi ya punda inapoanzia.

Usukumani utajiri huhesabiwa kwa ng'ombe. Mahari hutajwa kwa ng'ombe, deni hulipwa kwa ng'ombe, na mzee akifariki watu huuliza ameacha ng'ombe wangapi. Punda hatajwi kikaoni. Hata misemo ya Kiswahili haikumtendea haki: punda afe, mzigo wa bwana ufike, shukrani ya punda ni mateke. Lugha yenyewe imemzoea kama chombo, kitu cha kutumiwa mpaka kiishe. Huenda ndiyo sababu, alipoanza kuwindwa kwa ajili ya ngozi yake, waliolipigia kelele jambo hilo mwanzoni walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa watu wanaoteka maji.

Barua hii inahusu urembo. Inaanza na punda kwa sababu katika ukanda huu wa Shinyanga na Geita, mnyama aliyelipa gharama ya urembo wa binadamu ni yeye.

Nchini China, hasa katika eneo la Dong'e jimboni Shandong, kuna dawa ya asili iitwayo ejiao. Hutengenezwa kwa kuchemsha ngozi za punda mpaka zitoe jelatini, kisha jelatini hiyo hukaushwa na kukatwa vipande. Imetumika kwa zaidi ya miaka 2,000, zamani kama dawa ya damu na ya wanawake waliotoka kujifungua, na kwa muda mrefu ilikuwa kitu cha watu wa ikulu. Siku hizi imeshuka mpaka kwenye rafu za kawaida: vinywaji, vitafunwa, vidonge, na krimu za uso zinazoahidi ngozi nyororo isiyozeeka. Mwaka 2011 tamthilia moja ya televisheni kuhusu maisha ya wake wa mfalme iliirudisha ejiao midomoni mwa wanawake wa tabaka la kati la China, na mahitaji yakapaa.

Punda wa China hawakutosha. Mwaka 1992 nchi ile ilikuwa na punda wapatao milioni 11. Leo wamebaki chini ya milioni 2. Matrekta na malori yamechangia kuwapunguza, lakini kiu ya ngozi ndiyo iliyowamaliza. Wafanyabiashara wakageukia Afrika, ambako wanaishi karibu theluthi mbili ya punda wote duniani. Shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza linakadiria kwamba biashara hii sasa humeza punda milioni 5.9 kwa mwaka.

Takwimu hiyo inahitaji kuwekwa kando ya nyingine ili ieleweke. Sensa ya kilimo ya mwaka 2019/20 ilihesabu punda wapatao 657,000 katika Tanzania nzima, kuanzia Umasaini mpaka Usukumani, kuanzia Iramba mpaka Mbulu. Ukiwachukua wote, bila kubakiza hata mmoja wa mbegu, wangelisha soko la ejiao kwa siku 40 tu. Siku arobaini: muda ambao familia ya Kitanzania hukaa na msiba kabla ya kuuhitimisha.

Shinyanga ilionja msiba huo. Nchi ilikuwa na viwanda viwili vya kuchinja punda, kimoja Dodoma na kingine mjini Shinyanga. Ukiitazama ramani unaelewa kwa nini mji huu ulichaguliwa. Uko katikati ya wafugaji, una reli na lami, na minada ya mifugo imeuzunguka pande zote. Mwaka 2017 Serikali ilitangaza kupiga marufuku uchinjaji, ikieleza hofu kwamba punda watatoweka. Hata hivyo viwanda vilirudi kazini. Mwaka 2022 Serikali ikatangaza tena, safari hii kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi kwa miaka 10.

Mara mbili, basi, nchi hii imetamka kwamba punda wanaisha. Wizara inastahili pongezi za dhati kwa hilo, kwa sababu haikuwa rahisi kusimama mbele ya wawekezaji na mashine zao zikiwa tayari zimefungwa. Desemba 2022 Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa bara zima kuhusu punda, na wajumbe wakatoka na tamko la kuomba biashara hiyo isimamishwe Afrika yote. Februari 2024, mjini Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliridhia kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Tanzania ilikuwa miongoni mwa walioshika usukani, na hili ni jambo la kujivunia.

Tatizo liko kwenye neno lenyewe: kusitisha. Kinachositishwa kinasubiri kuendelea. Miaka 10 ya Tanzania inaisha 2032. Miaka 15 ya Umoja wa Afrika inaisha 2039. Mwenye kiwanda mwenye subira anaweza kufunga milango, kupaka mashine grisi na kungoja. Mfanyabiashara wa magendo hana haja hata ya kungoja, maana ngozi iliyotiwa chumvi na kukunjwa haina jina wala kijiji. Ikishaingia kwenye gunia, hakuna anayejua kama ilitoka Kishapu au ng'ambo ya mpaka.

Kenya imetoa somo ambalo Dodoma haina budi kulisoma kwa makini. Mwaka 2012 punda aliingizwa katika orodha ya wanyama wa kuchinjwa kwa nyama. Kuanzia 2016 machinjio manne yalifunguliwa: Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana. Utafiti wa taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ulionyesha kwamba kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 walichinjwa punda zaidi ya 300,000, yaani takribani asilimia 15 ya punda wote wa nchi, na kwamba kwa kasi ile wangeweza kutoweka kufikia 2023. Sensa ya watu ya 2009 ilikuwa imehesabu punda milioni 1.8, ile ya 2019 ilikuta milioni 1.2 hivi.

Nyuma ya hesabu hizo kulikuwa na watu. Huko Naivasha, Kajiado na kwingineko wenye punda walianza kuamka asubuhi na kukuta zizi tupu, kisha wakakuta mizoga vichakani, nyama imeachwa na ngozi imeondoka. Wezi hawakuhitaji kitoweo. Wanawake waliokuwa wakiuza maji kwa mkokoteni walirudi kubeba madumu mgongoni. Februari 2020 waziri wa kilimo wa wakati huo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji. Furaha ya wenye punda haikudumu: Mei 2021, baada ya mwenye machinjio mmoja kwenda mahakamani, Mahakama Kuu iliitengua marufuku ile.

Marufuku inayokaa juu ya kalamu ya waziri mmoja inaweza kufutwa na kalamu nyingine, au na hukumu ya asubuhi moja. Waheshimiwa wabunge wa Shinyanga na Geita wanaombwa waitazame hukumu ile kana kwamba imetolewa katika masjala ya Shinyanga.

Kuna jibu ambalo hutolewa kila mara suala hili linapojitokeza: kwa nini punda wasifugwe kwa wingi kama kuku wa kisasa, wachinjwe wa shambani, wa vijijini waachwe? Swali ni zuri, na jibu lake liko kwenye tumbo la punda jike. Hubeba mimba kwa takribani miezi 12, huzaa mtoto mmoja, kisha humnyonyesha kwa miezi kadhaa. Mtoto huyo naye anahitaji miaka miwili au mitatu kabla ya kuzaa. Nguruwe kwa muda huohuo amejaza zizi. Zaidi ya hayo, punda si mnyama wa kurundikwa. Akitishwa, akisafirishwa mbali au akikaa na njaa, mafuta ya mwili wake huingia kwenye damu na anaweza kufa akiwa amesimama. Jike mwenye mimba anaweza kuiharibu. China yenyewe, pamoja na mtaji na utaalamu wake wote, imejaribu kufuga punda kwa ajili ya ngozi na bado inanunua nje. Shamba la punda la kulisha soko lile halijapatikana popote. Machinjio ya Shinyanga, kama yale ya Naivasha, yalitegemea punda aliyekuwa na kazi tayari.

Na kazi yake ni ipi, hasa? Hapa panahitaji kukaa kidogo, kwa sababu ofisini punda huonekana mdogo kuliko alivyo.

Mama mwenye punda wawili na mkokoteni anaweza kuleta kwa safari moja maji ambayo kichwani yangemchukua siku nzima. Akimaliza ya nyumbani, huuza yaliyobaki. Wakati wa mavuno, mkokoteni uleule hutoa pamba shambani mpaka kituo cha kununulia, na mpunga na mahindi mpaka nyumbani. Mtoto akiugua usiku mahali ambapo bodaboda haifiki kwa tope, punda hufika. Hali majani ya kununua, hatumii petroli, na hahitaji spea inayoagizwa Dar es Salaam. Mabinti ndio wanaohesabu faida yake kwa masaa: punda akiwepo, wanafika shule kabla ya kengele.

Upande wa Geita, punda ana ajira nyingine. Kuanzia Nyarugusu mpaka Rwamgasa, uchimbaji mdogo una mlolongo wake: wachimbaji wanashuka duarani, mawe yanapandishwa, karasha linasaga, kisha unga wa mawe unapelekwa mwaloni kuoshwa. Mwalo hauendi bila maji, na machimbo mengi yako mbali na mito. Kuna wenye pampu, kuna wenye toyo, na kuna wale ambao mtaji wao wote ni mkokoteni na punda. Maji, kuni za mama ntilie, magunia ya mkaa, vyote hupita kwa njia hiyo. Ukimwondoa punda, anayeumia kwanza si mwenye karasha, bali mjane anayeuza maji mwaloni kwa dumu.

Geita pia inajua kitu kingine kuhusu urembo, na TBS inakijua zaidi. Zebaki ambayo wachimbaji hutumia kukamatia dhahabu ndiyo ileile ambayo watengenezaji wasio waaminifu huiweka kwenye krimu na sabuni za kuchubua ngozi. Katika mji kama Katoro mtu anaweza kuvuta moshi wa zebaki machimboni, na mkewe akajipaka zebaki chumbani, kila mmoja bila kujua kwamba wanashiriki sumu moja. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Viwango vya vipodozi vya Afrika Mashariki vina orodha ya viambato vilivyokatazwa, zebaki ikiwamo. Tangu Julai 2019 usimamizi wa vipodozi ulipohamishiwa TBS, shirika hili limekuwa likiondoa mikorogo madukani.

Habari ya zebaki inaingia katika barua ya punda kwa sababu mbili. Kwanza, inaonyesha kwamba Tanzania inao uwezo wa kusema kiambato fulani hakitakanyaga rafu zake, ikafuatilia mpaka kwenye kibanda cha vipodozi cha Kahama. Pili, namna TBS inavyogundua zebaki kwenye krimu ni kazi ya kemia na mashine za maabara. Hakuna sungura anayepakwa. Anayesema kwamba usalama wa mlaji hauwezi kulindwa bila kutesa mnyama ana jibu lake tayari hapa nyumbani.

Hapa inafaa kutaja sungura, maana yeye ndiye punda wa nchi nyingine.

Mwaka 1944 John Draize, mtaalamu wa sumu katika mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, alitangaza na wenzake kipimo cha kuchunguza ukali wa kemikali kwenye macho na ngozi. Sungura hufungwa asijikune, kemikali huwekwa kwenye jicho moja, jingine huachwa kwa kulinganisha, kisha watu hurekodi wekundu, uvimbe na vidonda kwa siku kadhaa. Sungura walipendwa kwa kazi hiyo kwa sababu ni wapole, ni rahisi kufuga, na hutoa machozi kidogo yasiyoosha dawa upesi. Kwa miongo mingi shampuu, wanja na losheni vilipita katika macho ya wanyama hao kabla ya kufika kwenye meza za kujipambia.

Mwaka 1980 mwanaharakati Henry Spira alinunua ukurasa mzima wa gazeti la New York Times kuiuliza kampuni ya Revlon ni sungura wangapi inaowapofusha kwa ajili ya urembo. Fedha zikaanza kutafuta njia mbadala. Leo wanasayansi hukuza maabara tabaka za ngozi na konea kutokana na seli za binadamu. Hutumia macho ya ng'ombe waliokwisha kuchinjwa kwa nyama. Hutumia kompyuta kutabiri tabia ya kemikali kutokana na jamaa zake zinazojulikana. Baadhi ya njia hizo zimekubaliwa kimataifa kama vipimo rasmi, na matokeo yake kwa ngozi ya mtu mara nyingi ni ya kuaminika kuliko ya ngozi ya sungura, ambayo si ya mtu.

Somo kubwa kwa Tanzania, hata hivyo, liko upande wa sheria. Umoja wa Ulaya ulikataza kupima vipodozi vilivyokamilika kwa wanyama mwaka 2004, kisha viambato vyake mwaka 2009. Ingeishia hapo, kampuni ingeweza kupimia ng'ambo na kuuza Paris. Kilichobadilisha mambo ni Machi 11, 2013, siku ambayo marufuku ya kuuza ilikamilika: kipodozi ambacho kwa ajili yake mnyama amepimwa popote duniani hakiruhusiwi sokoni. Kuanzia hapo hesabu za wenye viwanda ziligeuka. India ilifunga mlango kwa vipodozi vya nje vilivyopimwa kwa wanyama mwaka 2014. Hata China, iliyokuwa ikidai vipimo hivyo kwa bidhaa nyingi zilizoagizwa, iliruhusu kuanzia Mei 2021 vipodozi vingi vya kawaida viingie bila kupimwa kwa wanyama, kwa masharti. Kazi haijaisha, Ulaya bado kuna mvutano kati ya sheria ya vipodozi na sheria ya kemikali, na mwaka 2023 mahakama iliruhusu vipimo vya wanyama vidaiwe kwa viambato fulani kwa ajili ya usalama wa wafanyakazi wa viwandani. Lakini mwelekeo unaonekana: kukataza tendo bila kukataza soko ni kuziba tundu moja la chujio.

Tanzania imefunga machinjio. Soko bado liko wazi. Hakuna kinachomzuia mwenye duka la vipodozi kuuza krimu yenye jelatini ya punda, na hakuna kinachomlazimu mwagizaji kueleza kama sabuni yake ilipita kwenye jicho la sungura. Nchi iliyoongoza bara kumtetea punda haipaswi kuwa mahali ambapo ngozi yake inarudi ikiwa ndani ya kopo lenye picha ya ua.

Wapo watakaouliza, na wana haki ya kuuliza: ng'ombe huchinjwa kila siku mjini Shinyanga, mbuzi kadhalika, punda ana nini cha pekee? Barua hii haibishani na mfugaji anayechinja ng'ombe wake. Ng'ombe wa Msukuma huzaliana na kurudishia kundi. Kwato, ngozi, nyama na samadi yake vyote hubaki katika uchumi wa hapa. Punda alichinjwa kwa sehemu moja ya mwili wake, kwa ajili ya bidhaa ambayo mlaji wake yuko maelfu ya kilomita mbali, na kwa kasi ambayo uzazi wake hauwezi kuifikia. Watanzania wengi hawali nyama yake. Kwa Waislamu punda wa kufugwa ni haramu. Kijijini kilichobaki ni bei ya mara moja, na baada ya hapo punda mwingine anagharimu zaidi kuliko ile bei.

Wapo pia waliopoteza ajira kiwandani. Hao si maadui wa punda. Walikuwa wakitafuta riziki kwa kazi iliyokuwa halali siku walipoajiriwa. Kama kuna halmashauri inayojua kugeuza uchumi uliochoka ni za Shinyanga. Mkoa huu ulikuwa umekaribia kuwa jangwa kabla ya mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga kuanza mwaka 1986, ukafufua ngitili, yaani malisho ya akiba, za wafugaji na kurudisha miti kwenye maeneo makubwa. Watu waliotoa misitu kwenye vumbi hawashindwi kupata kazi mbadala kwa waliokuwa wakichinja punda: machinjio ya mbuzi na ng'ombe yenye viwango vya kuuza nje, utengenezaji wa mikokoteni bora na matandiko yasiyochubua, huduma za kwato na chanjo vijijini.

Maombi yenyewe ni haya, na yanaelekezwa kwa kila ofisi kwa mamlaka yake.

Wizara inaombwa kupeleka bungeni marekebisho ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ili kuchinja, kukusanya, kuhifadhi na kusafirisha punda au ngozi zake kwa ajili ya biashara ya ngozi kuwe kosa lisilo na tarehe ya kuisha. Sheria hiyo tayari inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Inachokosa ni kifungu kinachomtaja punda. Marekebisho hayohayo yakataze kupima vipodozi na viambato vyake kwa wanyama katika ardhi ya Tanzania. Ni rahisi kukataza sasa, kabla kiwanda cha vipimo hivyo hakijajengwa, kuliko kukifunga kesho kikiwa na mikataba mkononi. Nchi hii ina kumbukumbu mpya ya ugumu wa kufunga kiwanda kilichokwisha kuajiri.

TBS inaombwa kuingiza jelatini na kolajeni zitokanazo na punda katika masharti ya usajili wa vipodozi, kwa kumtaka mwagizaji atamke chanzo cha jelatini yake kama anavyotamka viambato vingine, na kumkatalia yule ambaye chanzo chake ni punda. Iombe pia tamko kuhusu vipimo vya wanyama, ianze na bidhaa mpya, iwape waagizaji wadogo muda wa kutosha. Msusi wa saluni ya Kahama asiadhibiwe kwa kopo alilolinunua Kariakoo bila kujua. Anayepaswa kujua ni aliyelipitisha bandarini. Na kwa kuwa viwango ni vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, TBS ndiyo inayoweza kulipeleka jambo hili mezani pamoja na wenzake wa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Ngozi ikikataliwa Dar es Salaam na kupokewa bandari nyingine, tumerudi tulikotoka.

Wabunge wa Shinyanga na Geita wanaombwa kuuliza bungeni swali moja kwa majibu ya maandishi: mwaka 2032 utakapofika, Serikali itafanya nini? Jibu likiandikwa kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge leo, mwananchi atakuwa na cha kushika siku ile.

Na watu wa Dong'e, ambao dawa yao ni ya kale na ina heshima kwao, wanaombwa kitu pia, kupitia ubalozi wao. Kolajeni inaweza kutengenezwa maabara kwa kuvifundisha vijidudu, yaani hamira na bakteria, kuizalisha bila kuchuna mnyama yeyote. Teknolojia hiyo inatumika tayari katika vipodozi, na China ni miongoni mwa nchi zinazoiendeleza. Wenye viwanda vya ejiao wana fedha na wataalamu wa kuifanyia kazi.

Punda anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 25 na kuzidi. Mtoto wa punda aliyezaliwa Kishapu mwaka 2022, mwaka ambao usitishaji ulitangazwa, sasa anajifunza mkokoteni au ameshauzoea. Miaka 10 ikitimia atakuwa katikati ya nguvu zake, anaijua njia ya kisimani bila kuelekezwa, na pengine mama mwenye nyumba atakuwa amemkopea magurudumu mapya. Mwaka huo ndio ambao, kwa mujibu wa usitishaji wa sasa, anaweza kuchinjwa tena.

Nakala ya barua hii inapelekwa kwa wakurugenzi wa halmashauri za Shinyanga, Kishapu, Kahama, Msalala, Ushetu na Geita, kwa kuwa minada ya mifugo iko chini yao, na mnadani ndipo ambapo mnunuzi wa punda kumi kwa mpigo, asiye na shamba wala mkokoteni, huonekana kwanza.